Mfuniko Uliokuwa Mfukoni Mwangu

Paskalina mwanangu,

Habari za blanketi, soksi na dawa ya kifua sitakuandikia. Mama yako ameshazisema mara nne, na ya tano atazisema kesho stendi mbele ya watu. Mimi nina jambo moja tu, na muda wangu ni mpaka mtakaporudi kutoka Kansay kumuaga bibi yako. Nimekaa ndani ya Landi, mlango wazi, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Mezani sikai, kwa sababu pale mezani kuna kitu sitaki kukiangalia.

Kitu chenyewe ni mfuniko wa rejeta. Mama yako ameukuta asubuhi kwenye mfuko wa oveholi yangu alipokuwa anataka kuifua. Akauweka kando ya kikombe changu cha chai.

"Baba Paskalina, hiki ni nini?"

"Spea," nikamjibu.

"Spea ya gari gani?"

Nikavuta kikombe, nikanywa chai. Unamjua mama yako. Hajawahi kushika spana maishani mwake, lakini ukimdanganya anakusikia mara moja. Akavaa kitenge chake, akasema, "Nampeleka mtoto kwa bibi yake. Tukirudi uwe umemwambia. La sivyo nitamwambia mimi." Kwa hiyo sitajisifu hapa kwamba dhamiri imenisukuma. Nimesukumwa na siku ya kufua nguo.

Haya, nasema. Landi haijakushinda. Wiki tatu hizi ulizohangaika nayo, ugonjwa nilikuwa nautia mimi kwa mkono wangu, na kuutoa mimi kwa mkono wangu. Kama hukuelewa soma tena. Kisha nitukane moyoni kadiri utakavyo, halafu uendelee kusoma.

Ile siku ya kwanza ilichemsha kweli, hapo sikukudanganya. Ilikuwa Jumanne, nimepakia karoti na kabichi za lodji ya watalii kule juu ukingoni mwa kreta kama kawaida yangu ya Jumanne na Ijumaa. Nimepita geti la hifadhi, nimeanza kuupanda msitu, kwenye kona ya tatu geji ikaingia kwenye nyekundu na mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikasimama. Nikasubiri nusu saa nzima bila kugusa kitu, nikiwaangalia nyani wanavyoniangalia. Ilipopoa nikafungua mfuniko nikauona ugonjwa: mpira wa ndani umepasuka, springi imelegea, ukiibonyeza kwa kidole inakwenda tu. Nikajaza maji, nikapanda polepole, nikashusha mzigo, na wakati wa kurudi nikapita Karatu mjini nikanunua mfuniko mpya. Landi ikapona siku hiyohiyo.

Sababu unaijua, lakini ngoja niiandike, maana mambo ya injini yananituliza. Kule juu maji huchemka mapema kuliko huku kwetu, ndiyo maana wapishi wa lodji kila siku wanalalamika maharage hayaivi. Mfuniko mzima unayabana maji ndani ya rejeta, yanavumilia joto. Mfuniko mbovu unayaachia. Ukizunguka hapa Ganako na mjini hutagundua kitu. Lakini panda mlima na mzigo, umekwisha.

Basi nikafika nyumbani na gari lililopona. Nikakukuta uani umeshika simu, unacheka peke yako. Fundi Elibariki alikuwa amekupigia kutoka Arusha, amekuita kazini kwenye gereji yake. "Fundi kamili, baba! Siyo mwanafunzi tena!" Nikasema vizuri. Nadhani nilisema vizuri. Halafu ukaona michirizi ya maji kwenye boneti, furaha ikakutoka usoni.

"Imechemsha?"

"Imechemsha."

"Basi siondoki mpaka ipone. Siwezi kukuachia gari bovu, baba. Nitamwambia Fundi anisubiri."

Nikafungua mdomo nikuambie imeshapona. Maneno yakakataa kutoka. Nilisimama pale na mfuniko mbovu mfukoni, nao ukanong'ona, siku mbili tu, mwache akae siku mbili. Ijumaa, kabla ya kupakia kabichi, nikatoa ule mpya nikarudisha ule mbovu.

Unataka kujua kwa nini. Wivu, Paskalina. Sitatafuta neno jingine la kulipamba. Wivu mtupu, wa mtu mzima mwenye mvi.

Tangu urudi kutoka fildi, ile miezi mitatu ya mafunzo ya kazi uliyokaa kwa yule bwana, nyumba hii ilikuwa na mtu wa nne. Tunakula makande, "Fundi Elibariki anasema usiwashe injini na kuondoka papo hapo." Tunakwenda kanisani, "Fundi Elibariki anasema injini ina lugha yake." Lo! Injini ina lugha! Na mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa hujatembea, nikaegemeza kichwa chako kwenye bodi la gari usikie wota pampu inavyoimba ikitaka kufa, mimi nilikuwa nasema nini? Kijerumani? Siku moja nilihesabu. Kabla chai haijaisha ulimtaja mara saba. Mimi ulinitaja mara moja, ukiniomba sukari.

Na nikuambie na hili, kwa sababu leo ni siku ya kutoa yote. Nakuonea wivu hata wewe. Nakuona unaweka kiganja juu ya rejeta, unafumba macho, unakihamisha polepole, unajua wapi maji yanapita na wapi pameziba. Mimi hilo nilijifunza nikiwa na miaka arobaini. Wewe unalijua tangu hujavunja ungo. Baba anatakiwa afurahi. Mimi nilifurahi nusu, nusu nyingine nikawa nasema, mbona sikuwa mimi.

Sasa sikia nilivyokufanyia, maana najua utataka hesabu yake.

Ulianza kama fundi anavyotakiwa kuanza, na kitu chepesi kabla ya kizito. Siku ya kwanza kabisa ulisema, "Baba, tuanze na mfuniko." Lakini gari likiwa uani lilikuwa na ule mfuniko mpya, nimeupaka oili na vumbi uonekane mzee. Ukabonyeza springi, ukaangalia mpira, ukasema, "Huu ni mzima." Ukaufuta kwenye orodha yako. Ulikuwa umepata jibu, mimi nikakunyang'anya.

Ukaenda kwenye mkanda wa feni. Mzima. Ukaosha rejeta kwa maji kutoka upande wa ndani, zikatoka mbegu za majani na matope ya Kansay ya tangu mwaka juzi, nikadhani sasa utaridhika. Hukuridhika. Ukang'oa themostati, ukaichemsha kwenye sufuria ya mama yako ya maziwa uone kama inafunguka. Ulivyokimbizwa na mwiko siku ile! Nilicheka mpaka nikakaa chini, na huku nacheka najua kwamba hiyo themostati haina kosa lolote. Ukairudisha mahali pake. Hapo nilikuheshimu. Sisi mafundi wa Karatu karibu wote, gari likichemsha tunang'oa themostati na kuitupa, basi, tunasema tumetibu. Mimi mwenyewe nimetupa nyingi kiasi kwamba zingejaza debe. Wewe ukairudisha, ukasema, "Kitu kizima hakitupwi kwa sababu tumekosa jibu." Sikuuliza nani anasema hivyo.

Ukaangalia kama kuna mapovu kwenye rejeta, kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kama moshi ni mweupe. Hakuna. Kila Jumanne na kila Ijumaa mimi naondoka, nabadilisha mfuniko njiani, narudi nimelowa mvuke. Injini ile ningeweza kuipasua silinda hedi, mwanangu. Gari lililokusomesha. Nilikuwa tayari kuliua ili ukae uani na mimi tukilikodolea macho.

Halafu ikaja Ijumaa iliyopita uliposema leo tunakwenda wote. Nikakutuma ndani ulete dumu la maji, nikabadilisha mfuniko haraka kama mwizi. Kwenye kona ileile ikachemsha. Ulishuka kabla sijavuta hendibreki. Ukafungua boneti, ukachukua tambara, ukapeleka mkono kuminya hozi ya juu ya rejeta. Nikapiga kelele, "Acha! Utaungua!"

Ukaurudisha mkono. Ulinitii.

Mwanangu, hozi ile ingekuambia kila kitu. Injini ikiwa ya moto na mfuniko ni mzima, hozi inakuwa ngumu. Ile ilikuwa laini, nilijua. Ungeiminya mara moja ungeniangalia usoni, na mambo yangeishia pale barabarani. Watu wangesikia sauti yangu wangesema, tazama baba anavyompenda binti yake. Na kweli nilikuwa nakupenda. Lakini sauti ile haikuwa ya upendo, ilikuwa ya mtu anayefunika kitu. Ukakaa juu ya jiwe ukasema, "Baba, mimi sijui kitu. Nilikuwa najidanganya." Nikakupa maji ya kunywa. Hicho ndicho nilichokupa.

Jioni ulimpigia Elibariki, ukaniwekea sauti nisikie. Akakuuliza umepima nini, ukamtajia vyote. Akauliza, "Na mfuniko?" Ukasema mfuniko nimeupima nyumbani. "Upime palepale mlimani." Ukasema baba hataki nisogee injini ikiwa ya moto. Yule bwana akanyamaza. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Msalimie sana mzee." Wewe ulidhani mtandao umekatika. Mimi nilijua kwamba amejua. Nilimchukia kwa zile salamu kuliko ambavyo ningemchukia angenitukana.

Na Jumapili ukaniambia utakwenda, ila utamwomba akuweke kwenye kumwaga oili na kubadilisha matairi tu, kwa sababu hujaiva. Ukapiga magoti, ukaniomba baraka kama tunavyofanya sisi mtu akiondoka nyumbani. Mimi nikasema ngoja kidogo nikaze nati moja, nikaingia uvunguni. Nilikaa uvunguni mpaka uliponyanyuka. Hakukuwa na nati.

Hilo ndilo lililonifikisha hapa, Paskalina, na ndiyo sababu naandika badala ya kumwachia mama yako. Nilitaka usiondoke. Sasa unaondoka vilevile, ila nimekuondolea mikono. Unakwenda Arusha na mikono ya mtu anayemwaga oili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chako kilikuwa kwenye oveholi ya baba yako.

Nilikuahidi nitasema kwa nini siku ile nilisubiri nusu saa bila kugusa injini. Sikukuahidi, lakini nataka kusema. Kabla hujazaliwa nilikuwa najifunza kazi kwa Fundi Bura, mzee aliyekuwa na gereji pale njia ya kupandia mlimani. Tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu alikuwa huyo Elibariki wako. Tulikula sahani moja, tulilala chumba kimoja, na kila siku mzee alimsifu yeye. "Elibariki ana mkono." Mimi nilikuwa na bidii. Mtu mwenye bidii anauchukia sana mkono.

Siku moja ikaletwa Landi Kruza ya wageni, inachemsha. Mzee alikuwa amekwenda msibani. Elibariki akaweka kiganja kwenye rejeta, akasema, "Hapa katikati ni baridi, imeziba. Tuisubiri ipoe, tuioshe." Mimi nikaona huyu ananifundisha mimi? Nikafungua mfuniko kwa tambara, nikachota maji ya baridi ya pipani nikamimina kwenye injini iliyokuwa ya moto vile. Tukasikia kitu kimelia mle ndani, kitu kidogo tu. Silinda hedi ilipasuka.

Mzee aliporudi akauliza nani amemwaga maji. Nikasema Elibariki.

Elibariki unamjua alivyo. Hakubishana. Aliniangalia tu, kama alivyonyamaza kwenye simu. Akafukuzwa siku hiyohiyo, akafunga nguo zake kwenye shuka, akapanda lori la mahindi kwenda Arusha. Huko ndiko alikofungua gereji kubwa unayoisifia. Mimi nikabaki hapa na Fundi Bura, na baada ya hapo mzee hakuniambia hata siku moja kwamba nina mkono.

Chuo kilipokupangia fildi kwake sikulala. Nilisema sasa mtoto ataambiwa baba yake ni nani. Ukarudi hujui lolote! Miezi mitatu amekulisha, amekufundisha, amekupa spana zake mkononi, na hakukuambia neno moja. Afadhali angesema. Angesema ningekuwa na sababu ya kumchukia, tukawa sawasawa. Hivi alivyofanya, ananishinda kila nikiamka asubuhi.

Mimi si padri, sina mahubiri. Ila nimekaa na magari yanayochemsha miaka mingi, na kuna kitu kimoja ambacho sidhani Elibariki amekufundisha, kwa sababu yeye si mwongo. Gari halidanganyi. Anayedanganya ni aliyelileta. Atakuja dereva atakuambia imeanza leo, kumbe ni mwezi wa pili. Atakuambia sijagusa kitu, kumbe amemwaga maji ya baridi kama mimi. Siyo kwamba ni mtu mbaya. Anaona aibu, au anamwogopa bosi, au ana lake moyoni. Usimgombeze, atazidi kuficha. Mwulize kwa upole, mpe kigoda akae, halafu upime mwenyewe. Pima pale gari lilipougulia, siyo pale mtu alipokuletea. Na ulichokipima jana kipime tena leo, hata kama aliyesimama pembeni ni mtu unayemwita baba. Kosa lako katika hizi wiki tatu ni hilo tu. Uliniamini. Sitaki ujifunze kutoniamini, lakini nimekufundisha, na siwezi kulirudisha.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, labda ni nyinyi. Nimalize.

Kesho saa kumi na mbili nitawapeleka stendi mwenyewe, na Landi. Kabla sijawasha nataka ufungue boneti. Mfuniko mpya uko mahali pake juu ya rejeta, nimeufuta oili na vumbi, utauona ulivyo. Usikubali kwamba ni mzima kwa kuwa nimeandika. Ubonyeze. Kisha twende, na tukifika mjini, injini ikiwa ya moto, uiminye hozi. Sitapiga kelele. Kama hutaki hata kuniangalia, minya tu hozi, inatosha.

Baraka uliyoomba Jumapili nitakupa mbele ya mama yako na bibi yako akija, nikiwa nimesimama, siyo uvunguni. Nina maneno ya marehemu babu yako, nimeyarudia humu garini peke yangu mara tatu, na mara zote tatu sauti imekatika palepale kwenye jina lako. Usinicheke.

Mfuniko mbovu nitauchukua pale mezani niufunge ndani ya barua hii. Nenda nao. Ukifika, Elibariki atakuuliza Landi ilikuwa na nini. Usione haya kwa ajili yangu, na usinifichie. Muoneshe mfuniko. Mwambie, gari halikunishinda, Fundi. Aliyenishinda ni baba yangu, na alishinda kwa kuiba. Mwambie pia kwamba baba amesema maji ya pipani aliyamwaga yeye. Yeye anajua tangu siku ile. Mwambie tu kwamba sasa nimesema mimi.

Halafu vaa oveholi yako, na mtu asikupe oili ya kumwaga.

Baba yako